Voisi za bibi zimenifanya niache kulaumu simu (kidogo)

Mkuu mleta mada umesema simu zimeua undugu, watu wamekaa sebule moja kila mtu kainamia yake. Nusu nakubali, nusu nakataa, ngoja nikupe ya kwetu.

Mi nimekulia Lushoto, miaka ya 90 redio ilikua moja tu nyumbani, ya mzee, betri zikichoka tunazianika juani zinapata uhai wa taarifa ya habari moja. Yakianza matangazo ya vifo RTD (Radio Tanzania ya enzi hizo) hata waliopo jikoni wananyamaza, maana hivyo ndo ulikua unajua kwamba shangazi yako wa Mwanza hatunae tena. Ndo ilikua grupu la ukoo ile, ila unapokea tu hujibu, labda ununue kadi za salamu uzitume zisomwe redioni.

Halafu vikaja vitochi, tukawa tunabipu, moja nimefika salama, mbili nipigie. 2008 M-Pesa ikaingia Bongo tukaacha kumpa konda wa basi bahasha ya hela ya nyumbani. Ila bibi yangu hajui kusoma, kwahiyo kila sms anasomewa na mjukuu au jirani, yani ugomvi wangu na mama mdogo kuhusu shamba kijiji kizima walikua wanaujua kabla ya bibi mwenyewe!

Basi mdogo wangu akampa simu ya tachi iliyotumika, akamfundisha kitu kimoja tu, shikilia hapo kwenye maiki, ongea, achia. Mwanzo alikua anaachia mapema tunapata voisi za sekunde moja, "Ha", "We", watu wanacheka grupu zima. Sasa hivi anatuma dakika sita, anasalimia mmoja mmoja kwa jina, jogoo anawika nyuma, na yote ni Kisambaa. Wanangu wamezaliwa Dar, Kisambaa sikuwafundisha, nakiri uzembe wangu, lakini yule wa kike siku hizi anarudia voisi ya bibi mara tatu ananiuliza baba hapo kasema nini, na mengine hata mimi nimeshasahau aisee.

Nilipokubaliana na wewe ni hapa. Mwaka jana baba mdogo alifariki, nimejulia kwenye stetasi ya binamu yangu, picha na mishumaa, nipo nimesimama kwenye daladala. Zamani ulikua unapigiwa unaambiwa "mgonjwa kazidiwa, njoo nyumbani", wewe moyoni unajua kabisa ila unapewa nafasi ya kufika kwanza ndo ulie na wenzako. Wakubwa walikua wanakaa wanapanga nani ampigie nani. Hatua hiyo binamu aliiruka kwa kidole kimoja, na wala hakua na nia mbaya. Baada ya maziko tukakubaliana kwenye grupu kwamba msiba haupandi stetasi mpaka baba mkubwa aseme, mpaka leo inaheshimiwa, japo vijana wanaguna.

Sasa juzi bibi katuma voisi fupi kuliko zote, ananiuliza mimi binafsi, mbona wenzio wote wananijibu kwa kuongea we unaniandikia, unataka jirani aanze tena kunisomea? Nimeisikiliza mara mbili. Sijajibu bado, niko ofisini na hapa watu watanisikia naongea Kisambaa.