Kutokataliwa na bima si sawa na kutibiwa: jibu kuhusu hasira za Wamarekani mwaka 2017

Ndugu mleta mada, umeuliza kwa nini Wamarekani, ambao uchumi wao unauzidi wetu kwa mbali, walijaa kwenye mikutano ya wabunge wao mwaka 2017 na kuwafokea kwa sababu ya muswada wa bima ya afya. Mchangiaji mmoja amekujibu kwamba hasira zile zilikuwa za kivyama tu, kwa kuwa muswada wenyewe ulitamka kwamba mgonjwa hatanyimwa bima. Jibu lake ndilo lililonifanya niandike kwa urefu. Ninasimamia bima za wafanyakazi katika kiwanda kimoja kando ya Barabara ya Nyerere hapa Dar es Salaam, na kauli hiyo ya "hatanyimwa bima" nimeisoma katika barua nyingi za kampuni za bima. Nimeona jinsi inavyoweza kuwa kweli kabisa kwenye karatasi huku mgonjwa akibaki bila matibabu.

Tuanze na sheria ambayo muswada huo ulitaka kuziondoa kinga zake. Kabla ya sheria ambayo Wamarekani wengi huiita Obamacare, mtu asiyekuwa na bima ya mwajiri wala ya serikali alilazimika kujinunulia mwenyewe, na katika majimbo mengi kampuni ilikuwa na haki ya kuchunguza historia ya ugonjwa wake kabla ya kumpokea. Mwenye kisukari, mwenye pumu, hata mwanamke aliyekwisha kupona saratani ya matiti, angeweza kukataliwa, au kutozwa ada kubwa, au kupokelewa kwa sharti kwamba ugonjwa ule ule unaomsumbua hautagharimiwa. Rais Barack Obama alisaini sheria hiyo tarehe 23 Machi 2010, na masharti yake makubwa yalianza kutumika mwaka 2014: kila mwombaji apokelewe, ada isipandishwe kwa sababu ya ugonjwa, mtu mwenye umri mkubwa asitozwe zaidi ya mara tatu ya kijana, na bima zinazouzwa kwa mtu mmoja mmoja zigharimie huduma za msingi zikiwamo uzazi, afya ya akili na dawa. Ukomo wa jumla wa malipo katika maisha ya mwanachama ulifutwa, na vijana wakaruhusiwa kubaki kwenye bima ya wazazi wao mpaka wafikishe miaka 26.

Muswada uliopitishwa na Baraza la Wawakilishi tarehe 4 Mei 2017, kwa kura 217 dhidi ya 213, haukufuta kinga hizi kwa tamko moja. Laiti ungefanya hivyo, kila mtu angeuelewa mara moja. Uliacha sharti la kumpokea kila mwombaji, kisha ukaruhusu majimbo kuomba msamaha kutoka katika masharti mengine, ili kampuni iweze kumpangia mtu ada kwa kuangalia afya yake endapo aliwahi kukaa bila bima kwa siku 63 au zaidi, na ili orodha ya huduma za msingi iweze kupunguzwa. Uwiano wa ada kati ya mzee na kijana ulipanuliwa kutoka mara tatu hadi mara tano. Ofisi ya Bajeti ya Bunge la Marekani ilikadiria kwamba kufikia mwaka 2026 watu milioni 23 zaidi wangekuwa hawana bima kuliko ambavyo ingekuwa chini ya sheria iliyokuwapo.

Sasa jiulize ni nani hasa hukaa siku 63 bila bima. Ni yule aliyepoteza kazi, na mara nyingi aliipoteza kwa sababu ya ugonjwa wenyewe. Mtu huyo asingeambiwa "hatukupokei". Angeambiwa "karibu", kisha akaonyeshwa ada ambayo hata akiuza kila alicho nacho hawezi kuilipa. Watetezi wa muswada walisema kwamba majimbo yangeanzisha mifuko maalumu kwa ajili ya wagonjwa wa aina hiyo, lakini Wamarekani walikuwa na kumbukumbu nayo: majimbo 35 yalikuwa na mifuko kama hiyo kabla ya mwaka 2014, na katika mengi yake ada zilikuwa kubwa, mgonjwa alisubiri miezi kabla ya ugonjwa wake kuanza kugharimiwa, na baadhi yalifunga usajili fedha zilipopungua.

Hapa ndipo ninapotaka mchangiaji yule anisikilize, kwa sababu jambo hili hatuhitaji kwenda Marekani kulishuhudia.

Kiwandani kwetu tuna mkataba wa bima na kampuni binafsi, ambao huhuishwa kila mwaka. Miezi michache kabla ya tarehe ya kuhuisha, kampuni hupitia madai ya mwaka mzima, kisha huleta masharti mapya kupitia wakala. Mwaka mmoja mwendesha mashine wetu, mtu wa makamo aliyekuwa na shinikizo la damu kwa muda mrefu, alianza kusafishwa damu baada ya figo kushindwa. Madai ya kikundi chetu yakapanda. Barua ya kuhuisha ilipokuja, haikuwa na neno lolote la kumwondoa. Jina lake lilikuwamo kwenye orodha ya wanachama pamoja na mke wake na wategemezi wake wote. Ada ya kikundi ilikuwa imeongezeka kidogo tu, na uongozi ulifurahi. Mabadiliko yalikuwa kwenye kiambatisho, katika jedwali la mafao, ambako mstari wa "magonjwa sugu na yaliyokuwapo kabla" uliokuwa ukihesabiwa ndani ya ukomo wa kulazwa sasa ulikuwa umetengwa na kupewa ukomo wake wenyewe, mdogo kiasi kwamba gharama za kusafisha damu zingeumaliza mapema sana ndani ya mwaka. Nilipinga kwa maandishi. Nilijibiwa kwa heshima kwamba mwanachama hajaondolewa, kwamba ana haki ya kila huduma iliyomo kwenye jedwali, na kwamba ukomo ni haki ya mtoa bima. Kisheria walikuwa sahihi, na uongozi wetu, ulipolinganisha bei za kampuni nyingine, ukasaini.

Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Dada, kwa hiyo kadi ninabaki nayo?" Nilimwambia ndiyo, anabaki nayo. Akauliza tena, "Na wakinipokea pale mapokezi, nani atalipa?" Swali hilo la pili ndilo ambalo wapiga kura wa Marekani waliwauliza wabunge wao mwaka 2017, na ndilo ambalo wabunge wengi walilijibu kwa kurudia jibu la swali la kwanza. Ukomo ulipokwisha, familia yake ilianza kulipa taslimu, wenzake wakachanga kila mwisho wa mwezi, na yeye akaanza kuruka baadhi ya siku za kusafishwa ili fedha zitoshe. Nimeona uchungu wa watu wake, na sikubali mtu yeyote auite siasa.

Haki inanitaka niseme pia upande wa pili, kwa kuwa kampuni za bima hazitengenezi hofu zao hewani. Bima huishi kwa michango ya wazima. Wazima wakijitoa na wagonjwa wakabaki peke yao, ada hupanda, wazima wengine hujitoa, na mfuko huelekea kufa. Hapa nchini tumeliona hilo kwenye Toto Afya Kadi, kifurushi cha Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) kilichomwezesha mzazi kumkatia mtoto bima kwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Usajili wa mtoto mmoja mmoja uliposimamishwa mwaka 2023, maelezo yaliyotolewa yalikuwa kwamba wazazi wengi walikuwa wakiwaandikisha watoto waliokwisha kuugua, hivyo matumizi yakayazidi makusanyo. Hesabu hiyo ninaielewa. Wazazi waliolalamika nao ninawaelewa, kwa sababu mtoto mwenye selimundu hakuchagua kuzaliwa nayo, na mzazi wake hakuwa na mlango mwingine wa bei ile. Kifurushi hicho kilirejeshwa baadaye, lakini mwanya ule wa muda ulitosha kutuonyesha nani huumia kwanza. Dawa ya tatizo hili inajulikana: kila mtu achangie, mzima kwa mgonjwa, na asiyejiweza achangiwe na serikali. Sheria ya Obamacare ilijaribu hivyo kwa kuwatoza faini wasiokata bima na kuwapa ruzuku wenye kipato kidogo. Muswada wa mwaka 2017 ulitaka kuiondoa faini na kuipunguza ruzuku kwa wengi, kisha ukabaki na ahadi ya kumpokea mgonjwa, ahadi ambayo bila vitu hivyo viwili haina fedha za kuibeba.

Umeuliza pia kama kelele zile zilisaidia. Zilisaidia, ingawa si moja kwa moja wala si milele. Watu walisimama kwenye kumbi za shule na kueleza magonjwa yao mbele ya majirani, jambo ambalo si jepesi katika nchi yoyote, na ilipofika tarehe 28 Julai 2017 muswada uliopunguzwa ulianguka katika Seneti kwa kura 49 dhidi ya 51, baada ya maseneta watatu wa chama tawala, Susan Collins, Lisa Murkowski na John McCain, kuukataa. Hata hivyo, mwishoni mwa mwaka huo huo sheria ya kodi iliishusha faini ile hadi sifuri kuanzia mwaka 2019. Mwaka 2025 ikaja sheria nyingine iliyoweka sharti la kufanya kazi kwa watu wazima wengi wanaotegemea Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, na ruzuku za nyongeza zilizokuwa zikipunguza ada za mamilioni ya watu zikaachwa ziishe mwishoni mwa mwaka huo. Kinga iliyolindwa kwenye kura moja ya usiku ilianza kumomonyolewa kupitia vifungu vya kodi na bajeti, ambavyo watu wachache huvifuatilia.

Kwa upande wetu, muswada wa Bima ya Afya kwa Wote uliposomwa kwa mara ya kwanza mwaka 2022 ulipingwa vikali, hasa kuhusu nani atawalipia wasiojiweza, ukaahirishwa, na Bunge likaupitisha Novemba 2023. Mjadala ule ulikuwa na manufaa. Lakini jina la sheria, na hata kifungu kinachosema kila mkazi awe na bima, havitoshi kumtibu mtu. Machi 2024, kitita kipya cha mafao cha NHIF kilipoanza kutumika, hospitali kadhaa binafsi zilisitisha kuwahudumia wanachama wake zikisema bei zilizopangwa haziwezi kugharimia huduma. Wanachama wale hawakuwa wamefutwa kwenye mfuko. Kadi zao zilikuwa hai.

Kwa hiyo, ndugu yangu, rasimu yoyote ya kanuni au mkataba ikikufikia, ipite haraka sehemu ya haki za mwanachama na uende kwenye jedwali la mafao. Angalia kama magonjwa sugu yana ukomo wake peke yake au yamo ndani ya ukomo wa kulazwa. Angalia kipindi cha kusubiri kwa mwanachama mpya na kwa aliyehama kutoka mfuko mwingine. Angalia ni nani ana mamlaka ya kulibadilisha jedwali hilo katikati ya mwaka, na kama anawajibika kukutaarifu kabla. Mambo hayo matatu ndiyo ninayoyadai sasa kwa maandishi kabla uongozi haujasaini, na katika mkataba wetu wa sasa tumefanikiwa kuurudisha mstari wa magonjwa sugu ndani ya ukomo wa kulazwa, kwa ongezeko la ada ambalo wafanyakazi walikubali kulichangia baada ya kuelezwa sababu. Kama mwajiri wako anahuisha mkataba hivi karibuni, omba viambatisho mapema, usisubiri kadi mpya zigawiwe. Ukiviweka hapa bila majina ya watu wala ya kampuni, nitakusaidia kuvisoma.