Majina ya mwanzo wa filamu: kwa nini hayasomeki?

Swali: Napenda sana filamu zinazoanza kwa majina yaliyobuniwa kwa ufundi, zipo ambazo nimerudia dakika zake za mwanzo mara nyingi kuliko filamu yenyewe. Sasa nimetengeneza ya filamu yangu fupi: majina 22 ndani ya sekunde 60, herufi nyeupe nyembamba, zikipita polepole kutoka kulia kwenda kushoto juu ya picha. Walioitazama wanasema hawakuwahi kusoma hata nusu, na mimi mwenyewe naona herufi zinatetemeka. Kosa liko kwenye fonti, kasi au programu? Na wewe kama mhariri unapenda zipi, ili nijifunze kwazo?

Jibu: Hayo ni matatizo mawili, ingawa dawa yake inakaribiana. Tuanze na kutosomeka, maana ndiko kunakokuharibia kazi zaidi.

Piga hesabu. Sekunde 60 ukizigawa kwa majina 22, kila jina linapata sekunde 2.7. Toa nusu sekunde ya kujitokeza na nusu ya kufifia, zinabaki 1.7. Na katika muda huo mfupi jina linatembea, huku nyuma yake kuna picha inayodai kutazamwa. Kipimo changu ni hiki: soma jina na kazi ya mtu kwa sauti, bila haraka, mara mbili. Muda uliotumia ndio muda ambao jina linapaswa kuwa wazi kabisa. Kwa mtu mwenye majina mawili huwa kama sekunde 3, yaani fremu 72 (fremu ni picha moja moja zinazounda filamu) ikiwa filamu yako ni ya fremu 24 kwa sekunde. Kwa kipimo hicho, 22 hayaingii katika dakika moja kwa namna yoyote ile. Mwanzoni bakiza waigizaji wakuu, mwandishi, mpiga picha, mhariri, mtunzi wa muziki, mtayarishaji na mwongozaji. Wengine wahamishie mwisho, ambako watapewa nafasi ya kusomwa vizuri.

Sasa ninazozipenda. Ningelazimishwa kuchagua moja, ningechagua majina ya mwanzo ya North by Northwest ya mwaka 1959, yaliyobuniwa na msanifu Saul Bass. Skrini ni ya kijani tupu. Mistari inaingia, mingine ikishuka wima, mingine ikikatiza kwa mshazari, mpaka unajengeka wavu ulioinama. Majina yanateleza kwa kasi kwenye mistari hiyo, yakipanda na kushuka kama lifti, kisha yanasimama. Baadaye wavu unageuka kuwa ukuta wa vioo wa jengo la New York, na ndani ya vioo unaona magari ya mtaani yakipita. Wanaoiiga kazi hii huchukua mistari na kasi, wakaacha kile kinachoifanya isomeke: kila jina hufika haraka, hutulia, husomwa, ndipo huondoka. Mwendo unaliita jicho, lakini kusoma kunafanyika jina likiwa limetulia. Mwaka uliofuata, kwenye Psycho, Bass alikatakata herufi vipandevipande, vikavurugana na kuungana tena, na bado kuna sehemu ya sekunde ambapo vipande vyote vimekaa sawa na neno liko kamili. Tazama fremu moja moja utaiona.

Alien ya 1979 inafundisha jambo hilohilo kwa upole zaidi. Juu ya skrini jina la filamu linajengwa mstari mmoja mmoja, taratibu mno, mpaka unaanza kubahatisha ni herufi gani. Chini yake majina ya watu yanatokea na kufifia bila kusogea hata kidogo. Kitu kimoja kinabadilika, kingine kimetulia. Hata Se7en ya 1995, ambayo Kyle Cooper aliijaza herufi zilizokwaruzwa kwa mkono zikirukaruka, hairushi jina likavuka skrini. Linashtuka palepale lilipo.

Na ukitaka kuona gharama ya kugawanya jicho, tafuta Touch of Evil ya mwongozaji Orson Welles, ya 1958. Inaanza kwa picha moja ndefu isiyokatwa, zaidi ya dakika tatu: bomu linawekwa kwenye buti la gari, na kamera inalifuata gari hilo mtaani. Studio ilibandika majina juu ya picha hiyo. Mwaka 1998 mhariri Walter Murch aliihariri upya akifuata maelezo aliyoyaacha Welles, na majina yakahamishiwa mwisho. Linganisha matoleo hayo mawili. Katika la pili huondoi macho kwenye lile gari.

Turudi kwenye kutetemeka. Ukiiambia herufi isogee pikseli 2.5 (pikseli ni nukta ndogo zinazounda picha ya skrini) kwa kila fremu, nusu ile haina pa kukaa: ama programu inaruka 2 kisha 3, ama kingo za herufi zinakuwa kali kwenye fremu moja na laini kwenye inayofuata. Tumia namba kamili. Kwa picha yenye upana wa pikseli 1920, pikseli 4 kwa fremu ni fremu 480, yaani sekunde 20 kutoka ukingo hadi ukingo. Kwa herufi zinazopita mbio, washa ukungu wa mwendo (motion blur) kwenye programu yako. Fonti yenye herufi nene kidogo nayo itakusaidia, kwa sababu mstari mwembamba kama pikseli moja humeta ukisogea, na ukibana faili kwa ajili ya intaneti unaliwa kabisa.

Lakini hata ukifanya yote hayo, kuna mtetemo usioweza kuuondoa. Skrini nyingi za kompyuta hujichora upya mara 60 kwa sekunde, na 24 haigawanyi 60 sawasawa. Kwa hiyo fremu moja huonyeshwa mara mbili, inayofuata mara tatu, na kitu kinachotembea polepole kinaonekana kuchechemea. Herufi iliyosimama haipatwi na hilo. Ndiyo maana ningekushauri uachane na mwendo wa kulia kwenda kushoto: liingize jina kwa fremu 8 hivi, lisimamishe, kisha litoe kwa haraka ileile kwenye pigo la muziki.

Mpangilio nao una desturi yake: jina la mwongozaji hufunga, na baada yake hadithi inaanza. Liachie sekunde moja zaidi ya wengine, halafu kata moja kwa moja kwenda kwenye onyesho la kwanza bila kufifisha picha.