Kununua nyumba karibu na Rocky Flats
Dada, umeuliza kama mnunue nyumba Arvada, Colorado, karibu na kilipokuwa kiwanda cha Rocky Flats, na mna mtoto mchanga. Mimi nisingekataa moja kwa moja, lakini nisingesaini haraka.

Kiwanda kile kilitengeneza viini vya plutoniamu vya mabomu ya nyuklia kuanzia 1952 hadi 1989. Udongo ulichafuka hasa kwa mapipa ya mafuta yaliyochafuliwa na plutoniamu, yaliyowekwa nje yakavuja, kisha upepo mkali wa milimani ukapeperusha vumbi kuelekea mashariki. Kwa hiyo angalia kwanza nyumba iko upande gani. Usafishaji ulikamilika 2005, ila eneo la katikati bado limefungwa kwa umma.

Mionzi ya plutoniamu haipenyi ngozi. Hatari ni kuvuta vumbi lake, likakaa mapafuni miaka mingi. Dai vipimo vya udongo wa kiwanja chenyewe, maneno ya dalali hayatoshi.

Tena, tafadhali, pimeni radoni kwenye chumba cha chini. Gesi hiyo hutoka ardhini kiasili, imeenea sana Colorado, na husababisha saratani ya mapafu. Wengi huisahau kwa kuogopa kiwanda.