Jani lina kidonda, liache kwanza

Wiki hii mmetuuliza: "Ni mmea gani umeuzidisha mwenyewe nyumbani bila kununua, na ulifanyaje?" Jibu langu ni sakulenti, ile mimea ya majani manene yenye maji ndani. Naomba nafasi ya kutosha, maana watu wengi wameniambia mimea hii "haitaki mkono wao", na mimi naamini kinachoiua ni maji tu.

Ninaishi Walukuba, Jinja, kwenye nyumba zile za zamani za wafanyakazi wa viwanda, ambako watoto wa kila kabila hukua wakiongea Kiswahili uani. Nafasi ya bustani sina. Nina dirisha moja linalotazama mashariki na kibaraza cha saruji, na hapo nimepanga mikebe 41. Karibu yote imetokana na majani ya kuokota.

Ilianza mwezi wa Aprili, mwaka juzi. Mbuzi aliruka ukuta wa jirani yangu, Hajati mmoja mtu mzima, akaangusha chungu cha echeveria, ule mmea unaojipanga kama ua la waridi lakini ni majani matupu, ya kijivu yenye unga mweupe. Nilimkuta Hajati ameshika ufagio. Nikamwomba yale majani yaliyotawanyika. "Chukua, mwanangu, nilikuwa naenda kuyatupa." Nikafunga majani 11 kwenye pindo la leso.

Nikayapanda kama nipandavyo dodo, yaani mchicha: udongo mweusi wenye samadi, jani nusu nzima ndani ya ardhi, maji asubuhi na jioni. Siku ya sita la kwanza lilikuwa limegeuka rangi, linapitisha mwanga kama kitunguu kilichochemshwa. Nilipoligusa likapasuka kidoleni, likatoa maji ya kahawia yanayonuka. Kufikia mwisho wa mwezi sikubaki hata na moja. Iliniuma sana, kwa sababu nilikuwa nimeyatunza kwa moyo wote.

Hajati alipoona akasema, "Hii si mboga, mwanangu. Umelinywesha maji na lina kidonda."

Hapo ndipo penye kila kitu. Jani likibanduka kwenye shina, pale liliposhikana panabaki wazi. Ukilitia kwenye udongo wenye unyevu siku hiyo hiyo, kuvu huingia kwa mlango huo na jani huoza kutoka ndani. Ukiliacha kivulini siku tatu hadi tano, pale mahali panakauka, panafunga ngozi ngumu ya rangi ya majani makavu, na hapo ndipo mizizi itatokea baadaye. Halifi kwa kiu, kwa sababu lina akiba yake. Mimea mingi hufungua vitundu vidogo vya majani mchana ili kuvuta hewa, na humo humo maji hutoroka. Hii hufunga mchana jua likiwaka, ikafungua usiku kukiwa na baridi. Jani la dodo likikatwa asubuhi limenyauka kabla ya adhuhuri. Jani la echeveria hukaa juu ya kabati wiki tatu likiwa bado limejaa.

Mwezi wa Juni, mvua ndefu zimekwisha, Hajati alinipa majani mengine 11. Safari hii alinionyesha namna ya kubandua: unashika jani karibu na shina, unalisukuma kushoto na kulia taratibu mpaka liachie lenyewe, na kitako chake kitoke kizima. Likikatikia katikati, litupe, maana chipukizi hutoka kwenye kitako. Nikayapanga juu ya ungo, nikaweka ungo juu ya kabati, mbali na jua kali. Kisha tukapata msiba Busia nikakaa huko siku 16.

Niliporudi nilishusha ungo nikitegemea kukuta makavu. Jani la tatu lilikuwa na nyuzi za rangi ya waridi zimetoka kitakoni, nyembamba kuliko uzi wa cherehani, zimejikunja zikitafuta udongo hewani. Na katikati ya nyuzi hizo palikuwa na waridi dogo kamili, lisilozidi punje ya mtama, majani yake manne yakihesabika. Nilikaa nalo mlangoni muda mrefu. Nilimwita binti yangu, naye akawaita wenzake. Kati ya yale 11, saba yalitoa mizizi na chipukizi, mawili yakatoa mizizi peke yake, mawili yakakauka. Sasa najua hiyo ni hesabu nzuri tu, kwa hiyo usipande jani moja ukaliwekea tumaini lote.

Baada ya mizizi kutoka, ndipo udongo unaingia. Mimi huchanganya mafungu mawili ya mchanga mkubwa, fungu moja la udongo wa kawaida na fungu moja la matofali yaliyopondwa. Mchanga naupitisha kwenye chekecheke, vumbi linashuka na kutupwa, punje zinazobaki juu ndizo ninazotaka. Chini ya mkebe natoboa matundu manne kwa msumari wa moto. Jani nalilaza juu, mizizi tu ndiyo nafukia. Maji ni kijiko kimoja, udongo wote ukishakauka, si kabla. Na lile jani mama usiling'oe hata likichakaa vipi, linamnyonyesha mtoto. Litakauka kama karatasi na kuanguka lenyewe. Jua liwe la asubuhi tu. Jinja iko chini ya nusu digrii kutoka ikweta, jua la saa sita huunguza vichanga hivi kwa siku moja. Lakini giza nalo hurefusha shina kama mtu anayechungulia ukuta. Mvua zikianza, Machi na tena Septemba, naondoa kila kitu kilichoko nje na kukisogeza chini ya paa.

Si kila mmea unakubali njia hii. Shubiri, ambayo Waganda huita kigagi, jani lake ukilichomeka litaoza tu hata ukikausha kidonda mwezi mzima. Ngoja itoe watoto pembeni ya shina, mtoto akifika kama urefu wa kidole mtenge na mizizi yake. Ulimi wa mama mkwe, ule wa majani marefu yaliyosimama kama upanga, unaukata vipande vya sentimita 8 hivi, unavikausha, unavichomeka. Lakini weka alama upande wa chini, kwa sababu kipande kilichogeuzwa hakitoi mizizi. Na kama wako una ukingo wa manjano, watoto wa vipande watatoka kijani kitupu. Ukitaka manjano ibaki, gawa shina la chini ya udongo.

Mnyaa, ule mmea wa vijiti vya kijani, siufugi kwa sababu ya watoto wa nyumbani. Utomvu wake mweupe ukiingia jichoni unaweza kupofusha. Atakayeukata avae glavu, asijipanguse uso, na jicho likiguswa lioshwe kwa maji mengi kisha mtu apelekwe hospitali mara moja.

Kuna jambo moja linanikera. Njiani kuelekea mashariki nimekuta vijana wakiuza shubiri zilizong'olewa porini, mizizi imekatika, zimefungwa mafungu kama kuni. Tuna shubiri inayoitwa kwa kitaalamu *Aloe tororoana*, jina lake limetokana na mwamba wa Tororo, na kwao ni hapo mwambani. Mmea wa namna hiyo ukichimbwa ukauzwa, huna pa kwenda kuchukua mwingine. Wakati shubiri ya nyumbani kwako, ikitunzwa, inaweza kukupa watoto wa kugawia wageni mwaka hata mwaka. Tafadhali, kabla hujanunua, muulize muuzaji ameutoa wapi.

Mvua za Novemba iliyopita ziliingia kwenye chungu kikubwa cha Hajati, kile cha mama wa hao wote, akaoza shina. Nilimpelekea mikebe miwili. Akaushika mmoja mikononi, akaugeuza, akachungulia matundu ya chini. "Huyu ni wa yule wangu?" Nikamwambia, "Ni yeye mwenyewe, Hajati." Mkebe huo ameuweka juu ya friji, ambako mbuzi hafiki, na juzi ameniita nione: mmea umetoa bua la maua.