Kichwa kimoja, wasusi watatu

Swali: Dada, saluni ninayokwenda wananisuka rasta ndogo kwa saa mbili, wasusi watatu kwa mpigo. Nafurahi kuwahi nyumbani, ila nywele za kwenye panja zimeanza kunyonyoka, na usiku wa kwanza silali kwa maumivu. Nibadilishe aina ya rasta? (Msomaji, Tabata)

Jibu: Mdogo wangu, tatizo naliona zaidi kwenye namna unavyosukwa. Wasusi watatu wana mikono mitatu tofauti. Wa kulia anavuta, wa kushoto analegeza, na hakuna aliyekagua kichwa chote kabla ya kuanza. Nywele za panja ni laini na chache, lakini msusi anayekimbizana na wenzake huzibebesha rasta nzito sawa na ya utosini. Mzizi unavutwa usiku na mchana, wiki sita mfululizo, mpaka unaachia.

Mteja mpya mimi namkalisha karibu nusu saa kabla sijashika rasta. Namuuliza alisuka lini, alitia dawa lini, amejifungua karibuni? Maana mama hupukutika nywele miezi michache baada ya kujifungua, na kumkaza wakati huo ni kumwonea. Kisha napitisha vidole kichwani taratibu, natafuta vipele, mba, vidonda. Nachana kwa chanuo kuanzia nchani kupanda. Nywele ambazo hazijakauka sizisuki: zikiwa na maji hunyumbuka, zikikauka hujikunja na kuvuta ngozi.

Ukiwa bado kitini, inua nyusi na ugeuze shingo. Paji likivutika au ukiona vipele mizizini, mwambie afumue hapo hapo. Usimeze Panadol ukavumilia. Inaniuma kuona mabinti wadogo wakijifunga kilemba kuficha panja zilizokwisha.

Kwa sasa fumua za panja, uzipumzishe kama miezi mitatu. Nywele hukua takriban sentimita 1 kwa mwezi. Lakini ngozi ya hapo ikiwa nyororo, inang'aa, haina hata vinyweleo, usingoje: nenda kwa daktari wa ngozi, kwani mvuto wa muda mrefu huacha kovu lisiloota nywele tena.

Msusi mmoja atatumia saa tano au sita, pengine atadai zaidi. Chagua rasta nene kidogo, upunguze idadi, na panjani aweke nyepesi. Usiende Jumamosi wala mkesha wa Idi. Nenda Jumanne asubuhi, umwambie mapema kwamba huna haraka.