Jibu: Mba na dawa za Ayurveda

Dada, umeuliza kama dawa za Kihindi za mba zinasaidia maana shampuu umechoka nazo. Zipo, na kwenye Ayurveda, yaani tiba ya asili ya Kihindi, mba unaitwa darunaka, wanasema ni vata na kapha, nguvu mbili za mwili kwa imani ya tiba hiyo, zimechafuka ndo maana kichwa kinakauka na kuwasha. Mimi ningeanza na uwatu, loweka vijiko viwili usiku kucha, asubuhi utakuta umevimba na una utelezi flani hivi, saga mpaka uwe laini kabisa, paka kwenye ngozi yenyewe sio nywele, kaa nao nusu saa then osha vizuri la sivyo chembe zinabaki kichwani na utadhani mba umezidi. Majani ya mwarobaini nayo yachemshe, yapoe, suuzia maji yake mwisho.

Mafuta ya nazi usilale nayo jamani, fangasi wa mba anakula mafuta, yakikaa saa moja yanatosha. Ukitaka kupaka ndimu, kama kichwani una vidonda achana nayo, na usitoke nayo juani inaunguza ngozi. Ukiona magamba mazito mekundu au nywele zinatoka mabaka mabaka nenda kwa daktari wa ngozi, hiyo inaweza isiwe mba.