Re: Uzi wa pamba unapasuka nikifuma, nakosea wapi?

Pole dada. Umesema unafuma vitambaa vya makochi kwa pamba, na kila ukivuta kitanzi sindano ya kufumia inachoma katikati ya uzi. Mimi niko Mikindani, hilo limenitesa mwaka mzima.

Kwanza itazame sindano yako. Ncha ikiwa kali, inaingia kati ya nyuzi ndogondogo badala ya kuukamata uzi wote. Tafuta yenye kichwa cha mviringo, halafu panda saizi kidogo: kama unatumia 3.5 mm jaribu 4. Kisha ipitishe kwenye soksi laini. Ikikwaruza, piga msasa mwembamba kama ni ya mti au plastiki.

Tazama na msokoto. Uzi unavyozunguka kwenye sindano, msokoto unaweza kulegea, nyuzi zikaachana kama ukili uliofumuka. Kila baada ya mistari michache iachie kazi ining'inie, izunguke yenyewe mpaka itulie. Na usikaze mno mkono!

Sisi huku msimu wa korosho vidole vinakuwa kama makumbi ya nazi, vinanasa kila kitu. Napaka mafuta usiku, asubuhi nanawa kwa sabuni ndiyo naanza.

Kipande cha uzi ulichofumua mara tatu nne kata tu, kimeshachoka. Mwisho wa uzi wa nailoni unaugusisha moto ukagande. Wa pamba usijaribu, utawaka. Huo uufiche kwa sindano ya kushonea, nenda rudi.